UZI: Gololi au risasi ndefu kwenye gobore lenye mifereji? Pima msokoto wa mtutu kwanza

#1 PembeYaBaruti

Wakuu, nawasalimu. Msimu wa kuwinda kwa gobore ukikaribia huku Marekani mabishano ni yale yale. Wa gololi wanasema bunduki ndefu za Pennsylvania na Kentucky zililisha familia miaka na miaka kwa gololi na kiraka tu (kitambaa kinachoizunguka gololi mtutuni). Wa risasi ndefu wanasema gololi huchoka njiani. Wote wana ukweli wao, ila wanaanzia kwenye risasi ilhali mwenye usemi ni mtutu. Mpe mtutu risasi isiyolingana na msokoto wake, na hata ukiwa na jicho la kipanga matundu yatatawanyika karatasi nzima.

Nazungumzia gobore la jadi: linapakiwa mdomoni, linawashwa kwa fataki au jiwe la gumegume, linakula baruti nyeusi, na ndani ya mtutu lina mifereji inayozunguka. Zile za kisasa zenye vidonge vya baruti na darubini zitafutiwe uzi wake.

Msokoto ni urefu ambao mfereji unatumia kuzunguka mara moja kamili. Tukisema 1:48, maana yake ni mzunguko mmoja ndani ya inchi 48, yaani sm 122. 1:66 ni msokoto wa polepole zaidi (sm 168), na 1:28 ni wa haraka (sm 71).

Gololi haina kichwa wala mkia, kwa hiyo haina cha kupinduka. Inazungushwa kwa sababu moja tu: hakuna gololi iliyo kamili. Kuna kiputo kidogo ndani, kuna kovu pale ilipokatwa kwenye kalibu (chombo cha kumiminia risasi iliyoyeyuka). Ikizunguka, kasoro hiyo haivuti upande mmoja. Mzunguko mdogo unatosha, ndiyo maana mitutu ya gololi huwa 1:60, 1:66 au 1:72. Risasi ndefu ni habari nyingine: hewa inaisukuma puani huku uzito wake mwingi uko nyuma. Isipozunguka vya kutosha itapiga mweleka hewani, na kwenye karatasi utakuta tundu lenye umbo la ubavu wa risasi badala ya duara.

Kuna hesabu ya Greenhill, Mwingereza, ya mwaka 1879, nayo inafaa sana kwa risasi laini na mwendo wetu: 150 × kaliba × kaliba ÷ urefu wa risasi, vyote kwa inchi. Chukua kaliba .50. Gololi urefu wake ni sawa na upana wake, kwa hiyo 150 × 0.5 × 0.5 ÷ 0.5 = 75. Risasi ya urefu wa inchi 0.75 inataka 1:50. Ya inchi 1 inataka 1:37.5. Hapo mnaona kwa nini mtutu wa 1:66 hauwezi kamwe kuitunza risasi ndefu, hata ubadilishe baruti mpaka kesho.

Kupima msokoto hakuhitaji fundi. Kwanza hakikisha bunduki haina kitu ndani: teremsha mdeki (fimbo ya kushindilia) hadi chini, weka alama mdomoni, utoe, uulaze nje kando ya mtutu. Ncha yake ifike usawa wa chuchu (kijibomba kinachovalishwa fataki) au tundu la moto. Ikiishia juu ya hapo, kuna kitu ndani. Ikiwa tupu, funga kitambaa kinachobana kwenye ncha ya fimbo ya kusafishia ambayo mpini wake unazunguka wenyewe, iingize hadi chini, bandika kipande cha utepe wa gundi kwenye fimbo kama bendera ikitazama juu. Vuta polepole hadi bendera imegeuka robo duara. Pima umbali uliovuta, zidisha kwa 4. Ukipata inchi 12, mtutu wako ni 1:48. Rudia mara tatu, maana kitambaa kilicholegea huteleza na kukudanganya.

#2 Kalibu_Moto

Asante mkuu. Niongezee vipimo vya gololi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoteza shabaha bila kujua.

Gololi hainunuliwi kwa kaliba iliyoandikwa kwenye mtutu. Huwa ndogo kwa elfu tano hadi kumi za inchi (.005 hadi .010), na nafasi inayobaki ni ya kiraka. Kaliba .45 hutumia gololi ya .440 (greini 128), .50 hutumia .490 (greini 177) au .495, .54 hutumia .530 (greini 224), .58 hutumia .570 (greini 278). Kwa waliozoea gramu, greini 177 ni gramu 11.5.

Sasa angalieni mtutu wa .50 wa gololi. Matutani, yaani kwenye sehemu zilizoinuka kati ya mifereji, ni inchi .500. Mifereji yake huwa na kina cha elfu kumi, kwa hiyo kutoka mfereji hadi mfereji wa upande wa pili ni .520. Gololi .490 ukiongeza kiraka cha .015 pande zote mbili unapata .520 kamili. Mfereji umejaa, moto haupiti pembeni, na kitambaa kinabanwa juu ya matuta na kuishika gololi. Ukipunguza kiraka hadi .010 unabakiwa na .510, na gesi inapita kwenye kila mfereji. Ndiyo maana watu hutumia kitambaa kizito cha foronya za mito, pamba tupu, unene wa .015 hadi .018. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) ukikibana kwa vidole. Kitambaa chenye nailoni au poliesta kitupe, kinayeyuka mtutuni.

Mafuta ya kiraka yawe ya mnyama, ya mmea au nta ya nyuki. Nta ikichanganywa na mafuta ya ng'ombe au ya zeituni inafaa kwa bunduki inayokaa imepakiwa siku nzima. Kwa kulenga karatasi mate yanatosha. Mafuta ya injini na jamii yake hapana: yakiungua pamoja na baruti nyeusi yanaacha lami ngumu inayong'ang'ania mtutu.

#3 Mto_Ruaha

Swali kwenu. Bunduki nyingi za kiwandani za mtindo wa Hawken zina 1:48, na wauzaji husema inapiga gololi na risasi ndefu sawasawa. Kwa hesabu ya Greenhill naona iko katikati. Je, ni kweli inafaa vyote, au haifai chochote?

#4 PembeYaBaruti

Swali zuri. Historia kidogo inasaidia. Ndugu Jacob na Samuel Hawken wa St. Louis walitengeneza bunduki za nyikani zenye msokoto huo huo wa 1:48, na chakula chake kilikuwa gololi. Kwa hiyo usiamini anayesema 1:48 si ya gololi. Tofauti haimo kwenye msokoto, imo kwenye kina cha mifereji. Kampuni ya Thompson/Center walipotoa Hawken yao mwaka 1970, mifereji ilikuwa ya kina kifupi, karibu elfu tano, ili iweze pia kupokea risasi yao ya Maxi-Ball, ambayo inakatwa na matuta wakati wa kuisukuma ndani. Mfereji wa kina kifupi unashika risasi isiyo na kiraka vizuri, lakini kiraka kinaushika kwa shida. Ukiongeza baruti sana, gololi inaruka juu ya matuta bila kuzunguka.

Kwa hiyo kwenye 1:48 ya kina kifupi, gololi ipewe baruti ya kiasi na kiraka kinachobana. Anza na greini 50 kwa kaliba .50, panda kwa tano tano. Mara nyingi utaona makundi ya matundu yanabana kati ya 60 na 80 kisha yanaanza kufunguka. Mtutu wa 1:66 wenye mifereji ya elfu kumi unafanya kinyume: baruti kidogo unalala, ukifika 80 au 90 unaamka. Usipite kiwango cha juu alichoandika mtengenezaji wa bunduki yako, na kipimo ni cha ujazo wa baruti nyeusi tu. Baruti isiyo na moshi ikiingia humo, hata kidogo, mtutu unapasuka mkononi.

Kwa risasi ndefu kwenye 1:48, chagua fupi na nene. Kalibu za Lee za aina ya R.E.A.L. (risasi inayokatwa na matuta wakati wa kupakia) kwa .50 zipo za greini 250 na 320. Ile ya 250 huwa inatulia mapema zaidi kwenye 1:48, na Greenhill anakueleza sababu.

#5 Kalibu_Moto

Kabla hatujaziacha gololi, someni viraka vyenu. Kiraka kilichorushwa ni barua kutoka ndani ya mtutu, nacho huanguka mita 5 hadi 10 mbele ya mdomo. Piga tano, nenda uviokote.

Kiraka kizuri ukikikunjua kina duara la kijivu katikati palipokaa gololi, kuzunguka duara kuna alama nyeusi za mifereji zimepangana kama miale, na kingo zimechanika nyuzi nyuzi kidogo. Unaweza karibu kukitumia tena.

Kikiwa na tundu la kuungua katikati, moto umepenya: kiraka chembamba, mafuta machache, au baruti nyingi. Kikiwa na mikato iliyonyooka inayofuata alama za mifereji, kingo za matuta ni kali, jambo la kawaida kwa mtutu mpya. Dawa yake ni kuusugua ndani kwa pamba ya chuma laini sana iliyofungwa kwenye fimbo, mara 50 hadi 100 kwenda na kurudi, kisha kuosha. Mikato ikiwa imekaa kwa duara kuzunguka gololi, mdomo wa mtutu ndio unaokata wakati wa kuingiza, nao unalainishwa kwa msasa mzuri chini ya kidole gumba huku ukiuzungusha. Kikiwa nyuzi tupu kisichotambulika, jaribu kwanza kitambaa kingine. Kitambaa cha zamani kilichokaa na mafuta miezi mingi huoza bila kuonyesha nje.

Mtu akibadilisha gololi, kiraka na baruti kwa siku moja hatajua kilichomponya. Kimoja kwa wakati, risasi tano tano, umbali mmoja, mita 45.

#6 NyikaMashariki

Mimi niko upande wa risasi ndefu, na nitaweka hesabu mezani ili tusibishane kwa mapenzi.

Gololi .490 ikitoka kwa mita 549 kwa sekunde ina nguvu ya jouli kama 1,730. Ikifika mita 91 (yadi 100) imebaki na kama mita 320 kwa sekunde, na nguvu imeshuka chini ya jouli 600. Theluthi mbili zimeliwa na hewa. Maxi-Ball ya .50 ina greini 370, yaani gramu 24. Ikitoka kwa mita 427 kwa sekunde ina jouli karibu 2,190, na pale pale yadi 100 bado ina zaidi ya 1,400. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukipiga kutoka ubavuni, kwa kukadiria gololi inasogea sm 23 hivi, risasi ndefu sm 10.

Kwa paa wa Amerika ndani ya mita 75 gololi ya .50 inatosha kabisa, sibishani. Lakini kwa mnyama mkubwa kama elki, au mahali pa wazi, risasi ndefu inakupa kupenya ambako gololi hiyo haina.

#7 PembeYaBaruti

Hesabu nazikubali, mkuu, ila umefunga mlango mmoja mapema. Gololi haiongezwi nguvu kwa baruti, inaongezwa kwa upana. Uzito wa gololi unakua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo chake, wakati uso unaokutana na hewa unakua kwa kipeo cha pili tu. Toka .490 uende .600: upana umeongezeka asilimia 22, uzito umetoka greini 177 hadi 325, karibu mara mbili. Gololi hiyo inashika mwendo vizuri zaidi bila kuongezwa kasi hata kidogo. Forsyth, ofisa wa Kiingereza aliyewinda India ya kati miaka ya 1860, aliipigania hoja hii hadi akataka mitutu mikubwa ya gololi yenye msokoto wa 1:104, ili ibebe baruti nyingi bila gololi kuruka mifereji. Kwa anayependa gololi na anataka elki, jibu ni .54 au .58, kisha asogee karibu.

Na risasi ndefu ina gharama zake. Bega litalipa, maana uzito ni mara mbili. Njia yake ni ya upinde zaidi kwa sababu inaanza polepole. Pia hubomoa ukoko wa baruti uliobaki mtutuni na kuukusanya kama pete juu kidogo ya pale baruti inapokaa. Kufikia risasi ya tatu au ya nne pete hiyo inaweza kuzuia risasi isifike chini. Futa kati ya risasi na risasi: kitambaa chenye unyevu kidogo mara moja chini na juu, kisha kikavu. Kisiwe kinachuruzika, kitasukuma tope hadi kwenye njia ya moto na fataki italia bure.

#8 Kasiba58

Mnaongea kana kwamba risasi ndefu zote ni moja. Kuna iliyokatwa na matuta wakati wa kupakia, na kuna Minié, ambayo ni kiumbe kingine kabisa.

Claude-Étienne Minié alitoa yake Ufaransa mwaka 1849. Tatizo alilolitatua ni la askari: risasi inayobana mifereji inachelewa kuingia, inayoingia haraka haibani. Yake ni ndogo kuliko tundu la mtutu, inateleza chini kirahisi, na kitako chake kina shimo. Baruti ikilipuka, gesi inatanua sketi (ukingo mwembamba) ya shimo hilo hadi ishike mifereji. Ya kwanza ilikuwa na kikombe cha chuma ndani ya shimo. James Burton wa Harpers Ferry, Marekani, alionyesha kwamba sketi nyembamba inatanuka bila kikombe, na ndiyo iliyopigwa kwenye bunduki ya jeshi ya Springfield ya 1861: kaliba .58, risasi ya greini 500 hivi, baruti greini 60. Waingereza na Enfield ya 1853 walikuwa na risasi ya greini 530 na baruti greini 68 hivi.

Enfield hiyo msokoto wake ni 1:78. Mtu wa hesabu ya Greenhill atashtuka. Inawezekana kwa sababu risasi ni nene na fupi ukilinganisha na upana wake, na shimo la kitako linapeleka uzito mbele. Lakini iko pembeni mwa mstari, na ndiyo maana Minié haisamehi uzembe.

Vipimo: iwe ndogo kuliko matuta kwa elfu moja hadi mbili, si zaidi. Mitutu ya .577 na .58 ya kuiga inatofautiana, kwa hiyo pima mtutu wako kwa kalipa kabla ya kununua kalibu. Mtutu ukiwa safi risasi iteremke kwa kusukumwa kidogo na mdeki tu. Ikidondoka "tii" hadi chini, ni ndogo mno. Chuma kiwe risasi safi kabisa. Ukichanganya bati au antimoni sketi haitanuki na risasi inatoka bila kuzunguka. Na baruti isizidi. Watu huona .58 wakadhani inataka greini 100. Sketi inapeperuka kama mdomo wa tarumbeta ikitoka mtutuni na risasi inakwenda inakotaka. Kwenye mashindano ya Minié wengi hukaa kati ya greini 40 na 50.

Mafuta yajae kwenye mifereji ya nje ya risasi. Na kwa kuwa tuko kwenye mafuta: ni mafuta ya katriji za Enfield hii hii, kwa madai kuwa ni ya ng'ombe na nguruwe, yaliyochangia askari wa India kuasi mwaka 1857.

#9 Mto_Ruaha

Na saboti? Kile kikombe cha plastiki chenye risasi ya bastola ndani.

#10 Kasiba58

Inataka msokoto wa haraka, 1:28 au 1:32, na inaacha plastiki mtutuni. Kwenye 1:48 ni bahati nasibu, kwenye 1:66 usihangaike. Halafu kwenye baadhi ya majimbo hairuhusiwi katika msimu wa magobore. Colorado inakataza saboti msimu wa magobore na inataka risasi ndefu isizidi urefu wa mara mbili ya upana wake. Idaho nayo inakataza saboti kwenye msimu wake wa gobore. California inataka risasi isiyo na madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, gobore likiwemo. Someni kanuni za mwaka husika.

Kwa wa California, gololi za bismathi zipo. Kwa kalibu ile ile ni nyepesi: ile ya greini 177 inakuwa kama 153. Ni ngumu pia, haikatwi na matuta kirahisi, kwa hiyo ni kazi ya kiraka.

#11 Kalibu_Moto

Kusubu, yaani kumimina risasi iliyoyeyuka kwenye kalibu, kwa ufupi, maana mmegusa usafi wa chuma.

Lugha yetu inaita chuma na kinachorushwa kwa jina moja, risasi, na kwa gobore hilo ni sahihi: risasi tupu, laini. Ukikwaruza kwa ukucha iache mfuo. Chubwi za wavuvi na shiti za risasi za kuezekea za zamani mara nyingi ni laini. Vizito vya kusawazishia magurudumu ni vigumu, na vingine siku hizi ni zinki. Betri za gari msiguse kabisa: kuna tindikali, na kuyeyusha sahani zake kunaweza kutoa gesi ya aseniki.

Risasi inayeyuka nyuzi 327. Subu ukiwa kati ya 370 na 400. Zinki inayeyuka kama 420, kwa hiyo ukishika joto hilo kipande cha zinki kitaelea na utakitoa na kijiko. Ukilizidisha joto, kitayeyuka na kuharibu sufuria nzima. Tupia kipande cha nta kama punje ya harage, koroga, toa takataka za juu. Gololi yenye makunyanzi inasema kalibu au chuma kimepoa, na yenye ukungu mweupe kama barafu inasema kimepata moto mno. Pima kila moja kwenye mizani. Iliyopungua zaidi ya greini moja ina kiputo ndani, irudishe sufuriani.

Tone moja la maji likiingia chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke na kuirusha yote usoni. Miwani, glavu, viatu vilivyofunikwa, mahali pa wazi, usile wala kuvuta sigara, na nguo zisifuliwe na za watoto.

#12 Mwambao_TZ

Wakuu, hapa kwetu Tanzania gobore tunalolijua halina mifereji. Je, hayo ya risasi ndefu yanalihusu?

#13 PembeYaBaruti

Hayalihusu, na sababu yake ni ya kihistoria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingiza silaha kwenye sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji pamoja na baruti ya biashara. Kabla ya hapo pia misafara ya bara ilibeba zaidi bunduki za mtutu laini. Neno gobore likabaki na maana hiyo hadi leo.

Kwenye mtutu laini risasi ndefu haina cha kuizungusha, itapinduka ndani ya mita chache. Ni gololi tu, yenye nafasi kubwa zaidi ya kiraka, elfu 15 hadi 20 chini ya kipenyo cha mtutu, na umbali wa kutegemea ni mita 45 hivi. Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa Beho Beho mwaka 1917 na kuachia jina lake Pori la Akiba la Selous, alianza kuwinda tembo kusini mwa Afrika miaka ya 1870 kwa mitutu laini ya namba 4. Namba hiyo maana yake gololi nne zinatengeneza ratili moja, kwa hiyo kila moja ni gramu 113. Alifanya kazi kwa uzito na kwa kusogea karibu sana.

Na kwa walioko nyumbani: gobore ni silaha mbele ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, halimilikiwi bila leseni. Kenya vivyo hivyo lazima cheti, na uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Huko Marekani sheria ya shirikisho inaliweka gobore kando ya silaha za kawaida, lakini majimbo yana yake.

#14 NyikaMashariki

Jambo moja la usalama ambalo linaitofautisha gololi na risasi ndefu, na sijaona limetajwa. Gololi yenye kiraka inabanwa, inakaa ilipowekwa. Risasi ndefu, hasa Minié, inaweza kusogea mbele ukitembea na mdomo wa bunduki umeelekea chini au ikitikiswa garini. Ikibaki nafasi kati ya baruti na risasi, mlipuko unaweza kuuvimbisha mtutu pale risasi iliposimama, au kuupasua.

Weka alama mbili kwenye mdeki: moja kwa mtutu mtupu, moja kwa mtutu uliopakiwa mzigo wako wa kawaida. Kwanza toa fataki kwenye chuchu (kwenye gumegume, pangusa baruti ya kisahani), uso uwe pembeni ya mdomo, kisha teremsha mdeki uangalie alama. Fanya hivyo kila baada ya mwendo. Alama ikipanda, sukuma risasi irudi.

Na kumimina baruti moja kwa moja kutoka kwenye pembe hadi mtutuni ni marufuku. Cheche moja iliyobaki chini inatosha kulipua pembe nzima mkononi. Mimina kwenye kipimo, funga pembe, ndipo umimine mtutuni. Gololi ikae na kovu la kalibu likitazama juu katikati. Mdeki ushikwe sm 20 juu ya mdomo na kusukumwa kwa hatua fupi, maana ukiushika mbali unapinda na kuvunjika kwenye kiganja. Risasi ikifika chini ibane kwa nguvu ile ile kila mara, usiitwange. Fataki inawekwa mwisho, bunduki ikishaelekea kwenye shabaha.

#15 Mto_Ruaha

La mwisho. Gololi ikishindiliwa na baruti imesahaulika, inatolewaje?

#16 Kalibu_Moto

Kwanza isukume hadi chini kabisa uhakikishe inagusa mwisho. Ikiwa imesimama katikati, usijaribu chochote kabla ya hapo. Bunduki ya fataki: fungua chuchu, tia punje chache za baruti laini kwenye tundu lake, greini 3 hadi 5, gonga ubavu ziingie, rudisha chuchu. Sukuma gololi tena kwa mdeki kwa sababu inaweza kuwa imenyanyuka, toa mdeki mtutuni, elekeza kwenye kifusi cha udongo, weka fataki, piga. Itatoka kwa mlio mdogo, "puf". Kama imebaki, rudia. Kwenye gumegume baruti inapitia tundu la moto kwa sindano.

Kama huna hakika ndani kuna baruti au hamna, chukulia kwamba ipo: mimina maji kupitia chuchu na mdomoni, acha saa moja, kisha tumia parafujo ya kutolea gololi kwenye fimbo ya chuma yenye kola ya shaba inayoishika katikati ya mtutu. Izungushe hadi iume risasi, vuta moja kwa moja. Kwa risasi ndefu tumia njia ya punje za baruti ikiwezekana, maana parafujo hutanua risasi na kuibanisha zaidi. Baada ya hapo osha mtutu kwa maji ya moto yenye sabuni, kausha, paka mafuta ya zeituni siku hiyo hiyo. Ukoko wa baruti hunyonya unyevu wa hewa, na ukiulaza usiku asubuhi utakuta kutu.

Ukitaka kuanza kupakia tena, piga fataki mbili tupu ukilenga jani lililo chini karibu na mdomo wa mtutu. Jani likitikisika, njia ya moto iko wazi.